Habari za Namba 2147483647

Miji ina historia, na mito, na koo za watu. Namba nayo yaweza kuwa na historia yake. Katika maneno haya twataka kueleza habari za namba moja tu, 2147483647, nayo husomwa hivi: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ilitajwa Italia bila kuhakikishwa, ikathibitishwa na mzee karibu kipofu huko Urusi, ikadharauliwa Uingereza, na sasa imo ndani ya kompyuta za dunia yote. Tena imekwisha kuwekewa siku yake: Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa zetu za Songea. Sababu ya siku hiyo msomaji ataiona mbele.

Ukubwa wake

Chukua punje moja ya mahindi, uifanye mbili. Mbili uzifanye nne, nne uzifanye nane, ukaendelee hivyo mpaka umezidisha kwa mbili mara 31. Utakuwa na punje 2147483648. Ondoa punje moja, na zilizobaki ndizo namba yetu. Wenye hesabu huiandika kwa ufupi hivi: 2³¹ − 1.

Tukikadiria punje 3,000 kwa kilo moja, mahindi hayo yatajaza magunia zaidi ya 7,000 ya kilo mia mia. Na mtu akikaa kuzihesabu, punje moja kila sekunde, mchana na usiku, bila kula wala kulala, atamaliza baada ya miaka 68 na siku chache. Msomaji auweke moyoni muda huo wa miaka 68, kwa maana tutaurudia.

Namba tasa ni nini?

Mwalimu mwenye wanafunzi 12 aweza kuwapanga uwanjani kwa safu mbili za sita sita, au safu tatu za wanne wanne. Lakini akiwa na wanafunzi 13 hawezi kuwapanga kwa safu zilizo sawa, ila awaweke wote katika mstari mmoja. Namba kama 13 huitwa namba tasa. Haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Hivyo 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni tasa, bali 12 na 15 si tasa.

Jina hilo lisitudanganye tukadhani kwamba namba hizi hazina kazi. Kila namba nyingine imejengwa kwa namba tasa, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Ukivunja 12 utakuta 2 × 2 × 3. Ukivunja 100 utakuta 2 × 2 × 5 × 5. Wala hapana namba inayoweza kuvunjwa kwa njia mbili, ikatoa matofali ya namna mbili.

Watu walianza lini kuzitambua? Mwaka 1950 Mbelgiji aitwaye Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo huko Ishango, mashariki ya Kongo, mahali mto Semliki utokapo katika ziwa Edward. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, nao umetiwa chale kwa mafungu. Katika mstari mmoja mafungu hayo yana chale 11, 13, 17 na 19, nazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wako waliosema kwamba aliyezikata alizijua namba tasa. Wengine wamesema kwamba alihesabu siku za mwezi. Mfupa wenyewe hausemi. Twaweza kusema kwa yakini kwamba watu wa upande wetu wa Afrika walihesabu na kuweka kumbukumbu zamani sana. Lakini kusema walizijua namba tasa kwahitaji ushahidi zaidi ya chale nne.

Ushahidi ulioandikwa twaupata kaskazini ya Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri. Huko, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho: hata ukipata iliyo kubwa namna gani, iko iliyo kubwa zaidi. Baadaye Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ya Libya ya leo, alitoa njia ya kuzipata. Andika namba zote kuanzia 2. Iache 2, ufute kila ya pili baada yake. Iache 3, ufute kila ya tatu. Kisha 5, na kuendelea. Ni kama mama apepetaye nafaka kwa ungo: makapi huruka, na kilichobaki ndicho kitu halisi. Njia hii ni njema kwa namba ndogo. Lakini kwa namba yetu, ni nani awezaye kuandika namba bilioni mbili?

Maneno bila ushahidi

Watu wa zamani waliona jambo la ajabu. Ukizidisha 2 kwa 2 mara kadhaa kisha ukatoa 1, mara nyingi hupata namba tasa: 2² − 1 ni 3, 2³ − 1 ni 7, 2⁵ − 1 ni 31, na 2⁷ − 1 ni 127. Zote hizo ni tasa. Basi wengine walidhani kwamba kila namba tasa iwekwayo juu ya 2 italeta namba tasa nyingine. Lakini jaribu 11: 2¹¹ − 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89. Sheria waliyoidhani ilivunjika hapo.

Pietro Cataldi, mwalimu wa Bologna katika Italia, alihakikisha mwaka 1588 kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Hizo ni 131071 na 524287, na kazi hiyo ilikuwa kubwa, maana aligawanya mara nyingi sana kwa mkono. Katika kitabu chake cha mwaka 1603 akazidi kusema kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo huleta namba tasa. Hapo hakuwa na ushahidi. Mfaransa Pierre de Fermat alionyesha mwaka 1640 kwamba ile ya 23 hugawanyika kwa 47, na ile ya 37 kwa 223. Baadaye ikaonekana kwamba ile ya 29 hugawanyika kwa 233. Kati ya nne alizozitaja, tatu zilikuwa makosa. Iliyobaki ni ya 31, yaani namba yetu.

Mwaka 1644 Padre Marin Mersenne, mtawa aliyeishi Paris na kuandikiana barua na wataalamu wengi wa Ulaya, alitoa orodha yake. Alisema kwamba ukiweka 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 juu ya 2, ukatoa 1, utapata namba tasa, na kwamba hakuna nyingine hata kufikia 257. Orodha hiyo ilisifiwa muda mrefu kwa heshima ya aliyeitoa, na mpaka leo namba za namna hii huitwa namba za Mersenne. Lakini watu walipokuja kupima, 67 na 257 zilionekana si za kweli, na 61, 89 na 107 zilikuwa zimesahauliwa. Heshima ya mtu haigeuzi namba. Basi katika mwaka 1644 namba yetu ilikuwa bado katika hali ile ile: imesemwa na wawili, haijathibitishwa na hata mmoja.

Kazi ya mzee Euler

Leonhard Euler alizaliwa mwaka 1707 katika mji wa Basel, Uswisi, mwana wa mchungaji. Alifanya kazi St. Petersburg, kisha Berlin, na mwaka 1766 akarudi St. Petersburg. Jicho lake moja lilikuwa limeharibika tangu ujana. Baada ya kurudi Urusi, la pili nalo likaingia giza. Mwaka 1772, alipotoa habari ya namba hii kwa barua kwa mwenzake wa ukoo wa Bernoulli, alikuwa karibu kipofu kabisa. Alihesabu kwa kichwa, na wanawe na wanafunzi wake wakamwandikia.

Tuitazame kazi yenyewe. Ili kuhakikisha kwamba namba ni tasa, yapasa kujaribu kuigawanya. Ikikubali kugawanyika mara moja tu, si tasa. Lakini si lazima kujaribu mpaka mwisho. Kama namba imefanywa kwa kuzidisha namba mbili, moja ni ndogo na moja ni kubwa, au zote ni sawa. Na ile ndogo haiwezi kuzidi namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake huleta ile tunayoipima. Kwa namba yetu mpaka huo ni 46340, maana 46341 × 46341 ni 2147488281, nayo imekwisha kuipita. Hivyo kazi ya kugawanya mara bilioni mbili imekuwa ya mara elfu arobaini na sita tu.

Bado ni nyingi. Mtu akitumia namba tasa peke yake, kwa kuwa nyingine zote zimejengwa kwa hizo, zitabaki kama 4,800. Hapo ndipo Euler alipotumia elimu iliyozidi. Rudi kwenye 2047. Namba zinazoigawanya ni 23 na 89. Gawanya 23 kwa 11, hubaki 1. Gawanya 89 kwa 11, hubaki 1. Si bahati. Kama 11 imewekwa juu ya 2, kila namba tasa inayogawanya jibu lazima ibakize 1 igawanywapo kwa 11. Kwa njia hiyo, akiongeza sheria nyingine, Euler alijua kwamba namba tasa yo yote iwezayo kuigawanya 2147483647 lazima, igawanywapo kwa 248, ibakize 1 au 63. Nyingine zote zaweza kuachwa bila kuguswa.

Namba zilizo na sifa hiyo chini ya 46340 hazifiki 400. Nazo si zote zilizo tasa, kwa hiyo kazi hupungua tena. Zilizobaki zilijaribiwa, na hata moja haikuigawanya. Ndipo ilipojulikana kwa yakini kwamba 2147483647 ni namba tasa. Hapana atakayeweza kulibatilisha neno hilo. Msomaji mwenye kalamu, karatasi na saburi aweza mwenyewe kuipita njia ile ile, naye atafika mahali pale pale.

Kitu kisicho na faida?

Kwa muda wa miaka zaidi ya 75 haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow alizungumza katika kitabu chake juu ya namba kamili. Namba kamili ni ile ambayo ukijumlisha zote ziigawanyazo, isipokuwa yenyewe, utaipata yenyewe: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba kamili moja. Yetu huzaa 2305843008139952128. Barlow aliona kwamba huenda haitapatikana iliyo kubwa kuliko hiyo, kwa sababu mambo haya ni ya udadisi tu, hayana faida, na hapana mtu atakayejisumbua kuitafuta nyingine.

Alikosea katika mambo mawili. Kwanza, watu walijisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha ile ya 127, yenye tarakimu 39. Zilipokuja kompyuta mbio zikazidi, na mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba ile ya 136279841 ni tasa. Ina tarakimu 41,024,320. Pili, faida zilikuja. Kufuli zinazolinda siri za barua na fedha zipitazo katika mashine, kwa njia iliyogunduliwa Marekani mwaka 1977, zimejengwa juu ya namba tasa kubwa: kuzidisha mbili ni kazi nyepesi, bali kulivunja jibu ili kuzipata tena ni kazi ya kushinda mashine zote. Kwa kufuli hizo namba yetu ni ndogo mno. Yenyewe ilipewa kazi nyingine, nayo ni kupiga kura.

Mtu akitaka kuchagua kaya 100 katika kaya nyingi bila upendeleo, yafaa apige kura. Lakini kompyuta haina kofia wala vikaratasi. Hufanya kwa hesabu. Tuone mfano mdogo kwa 7. Anza na 1, zidisha kwa 3, na jibu likizidi 7, gawanya kwa 7 na kuchukua baki. Utapata 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 tena. Zote sita zimepita, kila moja mara moja. Fanya vivyo hivyo kwa 8, ambayo si tasa: utapata 1, 3, 1, 3, wala hutatoka humo. Kumbe 7 huruhusu namba zote zipate zamu, mradi kizidisho kimechaguliwa vizuri. Basi mwaka 1969 wataalamu Lewis, Goodman na Miller waliziandalia kompyuta za IBM njia kama hiyo, wakitumia 2147483647 mahali pa 7, na 16807 mahali pa 3. Namba 2147483646 hupita zote, kila moja mara moja, kabla ya duara kuanza tena. Siku hizi ziko njia bora kuliko hiyo, lakini kwa miaka mingi kura za mashine zilitegemea kazi ya Euler.

Siku ya tarehe 19 Januari 2038

Sasa turudi kwenye miaka 68. Kompyuta huhesabu kwa alama mbili tu, mfano wa taa iliyowaka na taa iliyozimika. Kompyuta nyingi za zamani zilipewa nafasi 32 kwa kila namba. Nafasi moja huonyesha kama namba ni ya mbele au ya nyuma ya sifuri, na 31 hubeba namba yenyewe. Kila nafasi huzidisha uwezo kwa mbili, kama punje zetu. Basi namba kubwa iwezayo kuandikwa humo ni 2³¹ − 1. Katika jambo hili utasa wake hauna kazi. Kinachotenda ni ukubwa wake peke yake.

Saa ya mashine hizo huhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, yaani saa tisa usiku kwa saa zetu. Zitakapotimia sekunde 2147483647 itakuwa 19 Januari 2038, saa kumi na mbili, dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi hapa kwetu. Sekunde ifuatayo haina mahali pa kuandikwa. Itakuwa kama kipimo cha kilomita cha lori kilichofika 99999 kikageuka kuwa 00000. Ila mashine hii haitarudi kwenye sifuri. Itarudi nyuma ya sifuri, mpaka 13 Desemba 1901, robo saa kabla ya saa sita usiku.

Tufikiri maana yake. Mwaka 1901 misheni ya Peramiho ilikuwa na miaka mitatu. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado kuanza. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu waitwa kwa jina lake, alikuwa hai. Alinyongwa na Wadachi mwaka 1906. Mashine isiyotengenezwa itaamini kwamba ndiyo siku hizo. Katika daftari lake mtoto aliyezaliwa juzi atakuwa bado hajazaliwa kwa miaka zaidi ya mia, na deni la leo litakuwa limekopwa kesho kutwa ya mbali.

Si lazima tuogope. Mafundi wamelijua jambo hili zamani, na simu na kompyuta nyingi mpya zimepewa nafasi 64, ambazo hazitajaa kwa miaka bilioni 290. Shida iko kwa mashine za zamani, na kwa programu zilizoandikwa zamani zikaachwa bila kuguswa. Wala shida haingoji siku yenyewe. Ofisi ikihesabu leo malipo ya mtumishi atakayestaafu mwaka 2045, au mkopo utakaokwisha mwaka 2040, imekwisha kuuvuka mpaka huo.

Kwa hiyo chama cha ushirika, zahanati au parokia yenye kompyuta kuukuu ifanye mambo mawili. Kwanza, imwulize fundi wake kama saa ya mashine na programu zake zinaupita mwaka 2038. Aweza kujaribu kwa kuiandikia tarehe ya mwaka 2039, akitumia nakala, si daftari lenyewe. Pili, isitupe vitabu vya karatasi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenyewe lahitaji nakala.

Msomaji atakayekuwapo asubuhi hiyo ya Jumanne, saa kumi na mbili na robo kasoro dakika moja, na ajue kwamba namba inayojaa wakati huo ndiyo ile aliyoipima Euler mwaka 1772, kwa kichwa chake, na macho yake yamekwisha kufumba.